Picha Uliyotaka Kunirudishia

Nyahanga, Kahama

Minza mwanangu,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utaniamkia kimoyomoyo kabla hujafika mstari wa pili, ndivyo mama yako alivyokulea, kwa hiyo naitikia mapema tusipotezeane muda.

Umekwenda Ngokolo kumuaga shangazi yako na umesema utarudi na basi la jioni. Nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kaunta ya studio yangu ya picha, hii ambayo siku hizi ni duka la mama yako, na kila baada ya mistari michache anaingia mtu kutaka chumvi au vocha. Ukikuta mwandiko umeruka, hapo alikuwepo mteja.

Ya mashuka, ya chakula, ya namna ya kuishi na wenye nyumba huko Dar, mama yako amekwambia yote, na mengine amekwambia mara tatu. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ulipotusomea ile barua ya kukubaliwa, nilipiga makofi kama wengine. Wakfu wa wasanii, nyumba inayotunza vitu vya wachoraji na wachongaji na wapiga picha waliokwisha kufa, wamemchukua binti yangu kwa mafunzo kazini, kitengo cha kumbukumbu na utafiti. Atapewa glovu nyeupe. Atafungua masanduku, atapanga, ataorodhesha. Na sanduku la kwanza watakalompa ni la mpiga picha, marehemu Nkwabi. Hapo mikono yangu iliendelea kupiga makofi, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshaondoka.

Halafu ukanigeukia ukasema, "Baba, nikifika tu, lile jina kwenye ile picha nalibadilisha. Haki yako nitakurudishia."

Nikakwambia ule kwanza, ugali unapoa.

Ile picha haikuwa yangu, Minza. Aliipiga Nkwabi.

Ameingia mteja, nimempa chumvi, nimerudi. Sentensi bado ipo, basi niendelee.

Unaijua picha kuliko mimi. Mwanamke mponda mawe amekaa juu ya viroba vya mawe ya dhahabu, ameshika kipande cha kioo. Uso umejaa vumbi jeupe kama aliyetoka kwenye mashine ya unga. Jicho moja ameshalifuta, la pili bado, na anacheka kwa kitu ambacho hakimo kwenye picha. Iko kwenye kalenda za wakfu. Niliikuta ukutani kwenye hoteli moja Mwanza nilikoingia kuomba maji ya kunywa, nikayanywa nikiwa nimeipa mgongo. Chini yake wameandika: mwanamke mponda mawe, jina halijulikani, picha ya Nkwabi. Nawe tangu darasa la pili unajua kwamba hayo ni maandishi ya wizi.

Sikuanza kwa kusema uongo, na ndiyo maana ulikua vizuri. Kalenda ya kwanza ilipofika hapa dukani ulikuwa unafanya hesabu za shule kwenye kaunta hii hii. Ukaniuliza, "Baba, huyu nani?" Nikasema, huyo nilimpiga picha mimi. Na ni kweli, nilimpiga. Sikukwambia kwamba nilimpiga nyingine. Kesho yake ukamwambia mwalimu wako, mwalimu akanisimamisha njiani kunipa pole, nami nikaipokea. Ulipofika kidato cha pili, katika hadithi yetu Nkwabi alikuwa ameshaniibia filamu, na sikumbuki kama hilo nililisema mimi au ulilisema wewe nikakaa kimya. Vyovyote iwavyo, ni langu.

Sasa sikia ilivyokuwa.

Nkwabi nilimfundisha mimi. Hilo liandike popote, kwa wino. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, sikisomi, naangalia michoro tu, nikaharibu filamu nyingi mpaka nikajua. Yeye alikuja akiwa na miaka yake ishirini, mrefu, mpole, hana haraka ya chochote. Nikamfundisha kuvalisha filamu mikono ikiwa ndani ya mfuko mweusi. Nikamfundisha kusafisha picha. Nikamfundisha na sheria kuu ya studio yangu, nayo ni kwamba mteja hapigwi mpaka awe tayari, na akipigwa aonekane wote. Watu wetu ukiwakata miguu hawachukui picha. Mzee mmoja wa Bukombe aliigeuza picha yake juu chini, akaiangalia na nyuma, akaniuliza, "Miguu yangu umeipeleka wapi? Mimi nimekuja mzima, unanirudisha nusu?" Tangu siku ile sikumkata mtu hata kidole.

Nkwabi sheria aliisikia, akaitikia, akaenda zake. Anapiga mlango. Anapiga mbuzi aliyelala kivulini. Anapiga kamba ya kushukia kwenye duara, shimo la dhahabu, kamba tupu, haina mtu. Ukimuuliza nani atakuja kuichukua picha ya kamba, anatabasamu. Filamu ina picha thelathini na sita, Minza, na wewe umezaliwa wakati wa simu, huwezi kujua inavyouma kuona sita zimekwenda kwa mbuzi.

Jumapili tulikuwa tunakwenda kwenye machimbo ya Geita, huko ambako wachimbaji wana hamu ya kutuma sura zao nyumbani. Tunabeba pazia lililochorwa maporomoko ya maji, stuli, na maua ya plastiki. Siku hiyo alikuja mwanamke kutoka kuponda mawe, akataka picha ya kumpelekea mama yake. Nikamwambia ajifute kwanza. Akakaa juu ya viroba, akatoa kioo chake, akaanza kujifuta kwa pindo la kitenge. Mwenzake aliyekuwa bado anaponda akamtania, "Futa vizuri dada, mama mkwe naye akiiona hiyo atadai arudishiwe ng'ombe wa mahari." Akacheka.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimetandaza shuka jeupe, la kurudisha mwanga usoni kwa mteja. Nikasikia kamera ya Nkwabi imelia.

Nikamwambia, "Umepoteza."

Akasema, "Labda."

Hiyo ndiyo historia nzima ya picha ile. Mimi nilikuwepo, nimeshika shuka, na nilichokiona ni filamu inayoharibika.

Baada ya hapo nikampiga yangu. Amesimama wima, uso safi, miguu pamoja, mkono juu ya stuli, maua kushoto. Alipoletewa aliipenda sana. Ile ya Nkwabi alipoonyeshwa aliziba mdomo kwa mkono akasema ichaneni, mama asije akaiona. Hilo nalo ni kweli, na nimelitumia kujifariji kwa miaka mingi. Faraja yenyewe ni kama godoro la pamba kuukuu, unalala lakini unajua kila donge lilipo.

Tuligombana naye mwaka ule ule, kwa ajili ya mbuzi na milango, akaondoka. Akahamia Nkome, kando ya ziwa, akaoa huko, mkewe muuza dagaa, akaendelea kupiga wavuvi na mitumbwi na nyavu zisizo na mtu. Filamu zake alizitunza kwenye sanduku la bati alilokuwa mkewe akiwekea magunia ya dagaa. Ndiyo maana sanduku lile linanuka. Siku ukilifungua na glovu zako nyeupe, ukaona wasomi wenzako wanatazamana, jua kwamba hiyo ndiyo harufu ya aliyeshinda.

Zangu je? Hili nalo umelisikia nusu. Umesikia ziliungua.

Alikuja mtu kutoka upande wa Geita, ananunua filamu kuukuu za eksirei. Akaniambia hata hizi zako za picha nyeusi na nyeupe zina madini, ukizichoma ukayapika majivu unapata fedha halisi, ile ya kutengenezea pete. Nawe unatujua watu wa huku. Ukimwambia mtu kwamba kitu kina madini ndani yake, hawezi kulala nacho chumba kimoja. Jirani yetu alibomoa jiko lake kwa sababu jiwe moja lilikuwa linang'aa. Simu zilikuwa zimeshaingia, studio ilikuwa imelala, negativu zilikuwa maboksi manne yananizibia njia. Nikazitoa. Tukazichoma nyuma ya nyumba kwenye karai, zikanuka kama nywele zinazoungua. Harusi, komunyo, wazee waliokuja na viatu vya kuazima ili miguu ionekane. Yule bwana akapika majivu kwa dawa zake mpaka ikabaki punje kama ya mtama. Akaiangalia, akasema haitoshi hata kuziba jino. Akaondoka nayo.

Wakati anaondoka nilimtuma kwa Nkwabi, nikidhani namfanyia hisani. Alirudi mikono mitupu na ujumbe. "Mwambie mwalimu wangu, zangu sijamaliza kuziangalia." Tulicheka wiki nzima hapa barazani. Bahili, nikasema. Mtu anayeng'ang'ania picha za mbuzi.

Basi akafa, wanawe wakalitoa sanduku, wakaja watu wenye elimu wakaliona. Mimi nikabaki na kaunta.

Kuna watu wanasema wivu unachoma. Wangu haujawahi kunichoma, umenitunza vizuri tu. Unaniamsha mapema, unanipa la kusema nikikaa na wenzangu. Nimeishi nao kama mpangaji anayelipa, sikuona sababu ya kumfukuza. Ila wiki hii umehamia kwako, na hilo sikulitarajia. Nakuonea wivu wewe. Utakaa miezi sita na yule mtu. Utaujua mwandiko wake ulivyobadilika alipoanza kuugua. Utajua alikula nini, alimwandikia nani, aliacha nini mfukoni. Utamjua kuliko unavyonijua mimi, na utamjua kwa upole, kwa sababu kazi yako inataka upole, na wafu hawajibu vibaya.

Juzi uliacha lile daftari lako la utafiti hapa juu ya kaunta. Nimelisoma, sitakuficha, siku ya kukuficha imeshapita. Umeandika maswali thelathini kuhusu Nkwabi. Swali la tatu linasema: nani alimfundisha? Mbele yake umeacha nafasi tupu. Jibu lilikuwa linakunywa chai mkabala na wewe, Minza. Nilikasirika mpaka nikamuuzia mtu sabuni badala ya mkate. Baadaye nikaelewa. Umefundishwa usiandike kitu mpaka uone karatasi. Ulikuwa unanitafutia karatasi. Ulitaka niingie kwenye kitabu cha watu kwa mlango wa mbele.

Karatasi ipo.

Unakumbuka watu wa wakfu walipokuja hapa, ulipokuwa unasubiri matokeo ya kidato cha nne. Uliwaletea soda, ukasimama mlangoni kusikiliza, na nadhani kazi hii ilikuingia siku ile. Kijana akaniuliza kwa heshima sana kama namkumbuka yule mwanamke kwenye picha. Nikasema simkumbuki, tulipiga watu wengi. Picha yenyewe sikuidai mbele yao, nawe ukadhani nawaogopa. Akauliza kama nimebaki na chochote. Nikasema ziliungua. Wakasikitika kweli, walidhani nyumba iliwaka moto, nami sikuwasahihisha. Madaftari hawakuyauliza, nami sikuwakumbusha.

Madaftari yamebaki kwa sababu hayana madini. Ni sita. Kila tuliyempiga machimboni nilimwandika, jina lake, kwao wapi, yuko duara la nani, ili picha zikisafishwa tujue za kumpelekea nani. Niliandika wa kwangu na wa Nkwabi pia, maana yeye kazi ya daftari hakuipenda. Kwa hiyo ninyi huko mna sanduku la nyuso zisizo na majina, na mimi chini ya kitanda nina kiroba cha majina yasiyo na nyuso. Nimelijua hilo tangu siku ile ya soda. Kila walipoandika "jina halijulikani" mimi nilikuwa najua, na kujua peke yangu kulikuwa kutamu. Ndicho kitu pekee cha Nkwabi ambacho Nkwabi mwenyewe hakuwa nacho.

Yule mwanamke anaitwa Nyamizi. Jina la ubatizo Veronika. Kwao ni Ushirombo, anaponda mawe kwenye duara la Mabula. Picha moja, apelekewe Jumapili ijayo. Imeandikwa katika daftari la tatu, kwa kalamu nyekundu, ya bluu iliniishia. Na chini ya mstari wake, kwa hasira na haraka, nimeandika: "Nkwabi kapoteza moja hapa, ya huyu huyu, kabla hajajifuta."

Unaona. Ukurasa unaompa jina Nyamizi ndio huo huo unaoninyang'anya picha. Siwezi kukupa huu nikabaki na ile.

Nilifikiria kuuchana. Jumatano mama yako alipokwenda sokoni niliushika kwenye kona, mahali ambapo panya wameshaanza kazi, nikaona haitakuwa shida, nitawasingizia wao. Nikaugeuza kwanza kuangalia nyuma. Nyuma kuna watu kumi na mmoja. Kuna Luhende aliyetaka apigwe na baiskeli ya rafiki yake. Kuna mapacha wawili wa Nkome waliokuja machimboni kujaribu bahati, nikaandika "wanafanana, tusichanganye." Sijui kama hata mmoja wao yuko hai. Niliona ni watu wengi mno kuwaua kwa picha moja.

Kiroba nimekiweka ndani ya begi lako jekundu, chini ya vitenge. Begi litakuwa zito, usimlaumu mama yako.

Sikushauri uwapelekee siku ya kwanza wala ya mwisho. Utaona mwenyewe. Ila usianze kazi kwa kunitetea. Ungeingia pale ukasema picha hii ni ya baba yangu, wangekuuliza kwa upole karatasi iko wapi, ungetafuta, ungenitafutia kwenye kila boksi, na pasipo kuipata ungedhani wameificha. Ungekuwa mkali kwa watu wasio na kosa. Ningekuwa nimekuharibia jina kwa picha niliyoikataa mimi mwenyewe. Nimejifunza kwa kuchelewa namna ya kusoma maandishi ya watu, na hili nakupa kwa sababu litakufaa huko. Mtu akiandika kwa kujipanga, msome taratibu. Akiandika kwa haraka, akiwa na hasira, hana habari kama kuna atakayesoma, hapo mwamini. Mimi nimejipanga kwa miaka kumi na tano. Ule mstari wa kalamu nyekundu niliuandika kwa nusu dakika.

Na ukimpata Nyamizi, au mtoto wake, mshikeni mkono, muulizeni kama picha ile iendelee kutundikwa. Alisema ichanwe. Wakfu hawakulisikia hilo, nililisikia mimi, na kulinyamazia ni kosa langu jingine ambalo sikuliona mpaka nilipokuwa naandika hapa. Mwambieni wabeja, asante ya Kisukuma chake, kabla hamjamuuliza lolote.

Mama yako anajua. Nilimwambia jana. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Nilijua zamani, Baba Minza. Wewe huwezi kumpiga mtu ambaye hajajifuta." Akaendelea na mchele wake. Miaka kumi na tano nilikuwa nacheza mchezo ambao mwenzangu alikuwa ananiachia nishinde.

Nina ombi moja na ni la wivu mtupu, sitalipaka rangi. Katika miaka yote tuliyozunguka pamoja, mimi Nkwabi sikumpiga hata picha moja. Kumpiga mwenzako ni kupoteza filamu. Lakini yeye alikuwa mpotezaji. Alimpiga mbuzi, alipiga kamba. Nataka kujua kama katika sanduku lile, kati ya milango na nyavu na mbuzi, mimi nimo. Labda nimegeuka, labda amenikata miguu, labda nimeshika shuka. Tafuta polepole, usiwaambie unatafuta nini.

Ukinikuta, andika jina langu kama mengine, na mbele yake uandike: alimfundisha Nkwabi.

Usiponikuta, niambie hivyo hivyo. Usiseme bado unatafuta, usiseme kuna mmoja anafanana na mimi. Piga simu hapa dukani useme, "Baba, wewe humo." Nitasikia, nitasema haya, na nitamhudumia mteja.

Baba yako